Kopo la Kashata Lililotuzungusha Stockholm

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana nisipousema mimi mtausikia kwa Mama Nyambura, na yeye ataongeza na vitu ambavyo sikufanya. Jumamosi, siku ya kumuaga mama mdogo Eliwaza, nilibandua majina kwenye makopo matatu ya nyumbani kwetu na kuyabandika upya, kila jina pasipo pake. Basi. Hakuna aliyeumia wala hakuna kilichovunjika. Siku ya pili yake nikatembea Stockholm kutoka asubuhi hadi jioni nikiwa na sanduku la mtu mzima mkononi.

Mliniuliza kwenye grupu kilitokea nini, na wengine mkaniita "mmisionari". Haya, kaeni.

Tumba, makopo matatu

Mnayajua yale makopo ya biskuti ya bluu, ya duara. Kwa mtu yeyote wa kwetu hayana biskuti. Mama anayo mawili, na kila moja amelibandika plasta ya karatasi na kuandika kwa kalamu nene. Moja: UZI – MAMA GIDI, TUMBA. La pili: KASHATA – MAMA GIDI, TUMBA. Jina na mahali anaviandika kwa sababu chombo kikitoka nyumbani kwetu kinatakiwa kijue njia ya kurudi. La tatu lilikuwa la mama mdogo, nalo liliandikwa neno moja tu: KREYÒL.

Mama mdogo Eliwaza ni mdogo wake mama, tumbo moja. Alikuwa bibi shamba kule Same, akifundisha watu kuchimba makinga maji, halafu kanisa likamtuma Haiti, milima ya kaskazini. Mimi nikisikia "mmisionari" nilikuwa napata picha ya mtu mwenye uso wa huzuni anayekuombea kabla hujasalimia. Huyu alifika kwetu akavua viatu, akaniuliza kama bado nakojoa kitandani, akacheka mpaka akakaa chini. Nina miaka kumi na sita!

Kazi yake kule ni mbili. Mchana yuko shambani na wakulima. Jioni wanakaa uani, anawasomea kijitabu cha kilimo anachokitafsiri kwa Kikreoli, ukurasa mmoja mmoja. Kikreoli ndiyo lugha wanayoongea watu wa kule, wote, ila vitabu vya kilimo vinawafikia kwa Kifaransa cha ofisini. Akisoma kitu cha uongo wanamzomea. Kijitabu cha mwanzo kilisema chimba mfereji wa mita moja. Mama mmoja anaitwa Célianne akamuuliza, "Mita yako iko wapi, umeiacha nyumbani?" Wakabadilisha: panga moja na kiganja kimoja, kwa sababu panga kila mtu analo mkononi. Na ukurasa haupiti mpaka Célianne, ambaye hasomi lakini anasikia kuliko redio, achovye dole gumba kwenye udongo na kuligandamiza pembeni. Hapo ndipo umepita.

Kurasa arobaini na moja, miaka mitatu, na masahihisho yote kwa kalamu ya risasi. Kuna ukurasa wa viazi vikuu ambao mzee mmoja, Mesidye, aliuchora upya mwenyewe kwa sababu mchoraji wa kwanza alivipanda kichwa chini. Mzee Mesidye alifariki Januari. Kurasa zenyewe zilikuwa zinarudi Haiti kupigwa chapa ili zifike vijijini kabla ya mvua za kupanda maharage. Zinakaa kwenye kopo kwa sababu kule panya wanakula karatasi kama sisi tunavyokula krisps.

Sasa mimi. Nilitaka Mama Nyambura wa Spånga, rafiki wa mama aliyekuja kuaga, afungue kopo la kashata mbele ya watu akute sindano na vifungo. Ilikuwa ichekeshe. Nilikuwa nabandika haraka jikoni, mama akaingia, mkono ukanichanganya. Uzi ukapata jina la KREYÒL. Kashata zikaitwa UZI. Na miaka mitatu ya watu wa Haiti ikaitwa KASHATA.

Mama yangu hamruhusu mgeni atoke mikono mitupu. Mnajua kilichofuata: Mama Nyambura akaondoka na kopo lililoandikwa KASHATA, halijafunguliwa.

Jumapili saa tatu asubuhi mama alikuwa ameshakwenda kazini, kwenye nyumba ya wazee, na tulikuwa tumepanga atukute uwanja wa ndege wa Arlanda jioni, ndege ya saa mbili na nusu. Mama mdogo akafungua kopo lake ahesabu kurasa kabla ya kufunga sanduku. Akatoa mkasi. Akatoa rola ya uzi mwekundu. Akanitazama.

"Gidi."

"Naam, mama mdogo."

"Hawa wakulima wangu wamekuwa mafundi cherehani?"

Nikamweleza. Hakupiga kelele. Alichukua koti lake akasema, "Vaa viatu. Na mpigie mama yako."

"Tumpigie Mama Nyambura kwanza," nikasema. Mama Nyambura hakupokea. Jumapili asubuhi simu yake inalala ndani ya pochi, kanisani. Na mama sikumpigia. Nilijisemea tutalipata, tutarudisha plasta, na mama atakufa mzee bila kujua.

Tumba hadi Spånga, na mzee wa viazi

Tulibeba na sanduku kabisa, maana hatukujua kama tutarudi. Theluji ya Machi, ile ya kijivu, nusu barafu nusu uji. Magurudumu ya sanduku hayazunguki kwenye uji. Nililibeba kichwani hadi stesheni, na mbwa wa jirani akanibwekea kana kwamba hajawahi kuniona.

Kwenye treni mama mdogo alisalimia behewa zima. Mnajua hapa watu wakikaa kwenye treni wanajifanya hawapo. Yeye alipita akisema "hej, hej, hej" kwa kila kiti kama mgombea ubunge. Watu wakaangalia madirisha. Mtoto mmoja tu ndiye aliyejibu, mama yake akamvuta.

Tulibadilisha treni katikati ya mji. Mbele kidogo ya stesheni ya Odenplan treni ikasimama. Kipaza sauti kikasema barafu imeingia kwenye njia za reli, wanaisafisha, tuwe na subira. Dakika kumi. Ishirini. Mimi nilikuwa nahesabu sekunde, mama mdogo alikuwa anachungulia mfuko wa mzee aliyekaa mbele yetu. Mzee wa Kiswidi, kofia ya sufu, mfuko umejaa viazi vidogo vilivyoanza kuchipua.

"Muulize atavipanda lini," akaniambia.

Nikauliza kwa Kiswidi. Mzee akashtuka kidogo, halafu akafunguka kama bomba. Ana kibanda na kishamba cha bustani huko Spånga, vile vishamba vya mjini. Viazi vinakaa dirishani mpaka Mei vichipue vizuri.

"Anasema nini?"

Mimi nilikuwa nimechoka kutafsiri. "Anasema analima vizuri sana na hataki ushauri."

Mama mdogo akatabasamu. Akamgeukia mzee, akachukua kiazi kimoja, akakiinua, akafanya kwa mikono: kuchimba, kuweka, kufukia, halafu akanyoosha vidole kuhesabu miezi huku akimtazama usoni. Mzee akatikisa kichwa, akashika vidole vyake, akakunja viwili, akaonyesha dirisha, akaonyesha jua. Dakika mbili walikuwa wanaelewana kuliko mimi na mwalimu wangu wa hesabu.

"Vinakaa dirishani miezi miwili," akaniambia mama mdogo. "Wewe umenitafsiria nini?"

Nikageukia dirisha.

"Unajua kwa nini simuulizi mkulima 'umeelewa?'" akasema. "Kwa sababu kila mtu anajibu ndiyo. Mwaka wa kwanza walinijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, nikaenda shambani nikakuta wamepanda kwa mshazari. Sasa nasema: nieleze tena kwa maneno yako. Hapo uongo hauna pa kukaa." Akarudisha kiazi kwenye mfuko wa mzee. "Haya. Ijumaa nilikupa kurasa uzipige picha zote kwa simu, nikipoteza moja nisipoteze zote. Ukaniambia tayari. Nieleze tena kwa maneno yako. Picha ziko wapi?"

Huu ndio upumbavu wangu mwingine, na huu hauchekeshi. Ijumaa nilikuwa kwenye gemu. Alinipa kopo, nikaliweka kitandani, nikacheza, na alipouliza nikasema "tayari, mama mdogo" bila kugeuza kichwa. Sikupiga hata moja.

"Hakuna picha," nikasema.

 Mzee wa viazi, ingawa hakuelewa neno, akauvuta mfuko wake karibu. Nilimwona mama mdogo akitazama viganja vyake, na kwa mara ya kwanza tangu afike kwetu hakuwa na la kuchekea.

"Ule wa Mesidye," akasema taratibu, "siwezi kumrudia kumuuliza."

Hapo treni ikaondoka. Mzee aliposhuka Spånga alimpa mama mdogo kiazi kimoja. Mimi hakunipa.

Spånga, kwa Mama Nyambura

Mama Nyambura ni Mkenya, anaendesha basi, na sauti yake imezoea kumfikia abiria wa kiti cha nyuma. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka kanisani, kilemba bado kichwani. Alipotuona na sanduku mlangoni:

"Kwani mnahamia? Mama Gidi amewafukuza? Ingieni, ingieni, baridi hiyo!"

"Mama Nyambura, lile kopo la kashata la jana," nikaanza.

"Kwanza mkae."

"Tuna haraka, ndege..."

"Ndege ni ya saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu usiku," akajibu mama mdogo, ambaye hajui kudanganya. Taaluma yake haimruhusu.

"Na sasa ni saa sita mchana! Wewe kijana ulitaka kuniulia wageni na njaa. Kaa."

Githeri ilikuwa jikoni. Kama hamjawahi kula githeri ya Mama Nyambura, mahindi na maharage, vitunguu vimeungua kidogo pembeni, sitawaelezea, itakuwa ukatili. Na chai ya maziwa, chai nzito. Kila nilipofungua mdomo kuuliza kopo, kijiko kilinijia. Mama mdogo alisahau shida zetu akaanza kumuuliza maharage ni ya aina gani, akaweka matatu kwenye sahani akayageuza kama sonara. Wakaongea maharage nusu saa. Nilifikiri nitapiga yowe.

Mwishowe: "Ah, lile kopo? Sinalo."

Nikaweka kijiko chini.

"Sasa si jana jioni Mzee Haji wa Jakobsberg alipita na teksi kuchukua bakuli la mke wake? Bi Zuhura aliniletea sambusa wiki jana, na bakuli limekaa hapa linanitazama. Aki, ningelirudisha tupu kwa mtu ambaye yuko mwezi wa Ramadhani? Sikuwa nimepika. Nikaona kopo la mama yako, zito, limejaa, sijalifungua hata. Nikaliweka juu ya bakuli, nikasema hizo kashata mfuturie."

"Hukulifungua?" akauliza mama mdogo.

"Ningelifungua ningebaki nazo?"

Tukampigia Bi Zuhura. Simu ilikuwa inatumika. Ilitumika wakati wa kuvaa viatu, wakati wa kukataa chai ya pili, na wakati wa kunywa hiyo chai ya pili. Ilikuwa inakaribia saa nane tulipotoka. Mama Nyambura alitufungashia mahindi ya kuchemsha, kwa sababu mama yake naye alimfundisha kama mama yangu alivyofundishwa.

"Mpigie mama yako," akasema mama mdogo tukiwa kwenye ngazi.

"Tukifika Jakobsberg tunalipata."

Hakubishana. Alinitazama tu kama anavyomtazama mtu anayepanda kwa mshazari.

Jakobsberg, kwa Bi Zuhura

Bi Zuhura ni mtu wa Tanga. Nyumbani kwake unaanza kunusa iliki kabla ya lifti kufunguka. Kwa kawaida ni mpole, mpole sana, lakini siku ile alifungua mlango akatutazama kana kwamba anaangalia hati ya mashtaka.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Umetumwa na Mama Nyambura kuja kuniomba radhi?"

Tukatazamana na mama mdogo.

"Maana sikuelewa," akaendelea Bi Zuhura, na shungi akilikaza. "Mimi namwekea sambusa, bakuli la maua, na limau pembeni. Yeye ananirudishia kopo la kashata. Nasema alhamdulillahi. Nafuturu, naswali, nafungua nile moja na kahawa. Kashata hakuna hata chembe! Karatasi! Karatasi zenye matope na alama za vidole, kana kwamba kuku wamezikanyaga! Nikamwambia Mzee Haji, huyu mwanamke kanilia kashata zangu akaniletea takataka. Tangu asubuhi niko kwenye simu na dada yangu Tanga, hata yeye hajawahi kusikia kitu kama hiki."

Mama mdogo alianza kucheka. Alijizuia, akashindwa, akaegemea ukuta wa barazani akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Bi Zuhura akazidi kukunja uso. Ikabidi nieleze mimi, pale pale mlangoni, kila kitu: plasta, sindano, Célianne na dole gumba, mzee Mesidye na viazi vyake. Nilipomaliza Bi Zuhura alikuwa ameshika mdomo.

"Kwa hiyo yale matope..."

"Ni sahihi," akasema mama mdogo, akifuta macho. "Kila dole ni sahihi ya mkulima."

"Na hukuzitupa?" nikauliza haraka.

"Nitupe karatasi yenye maandishi ya watu? Lugha nisiyoijua? Huwezi kujua, pengine jina la Mwenyezi Mungu limo ndani."

"Limo," akasema mama mdogo. "Ukurasa wa mwisho, sala ya kupanda."

"Basi unaona!" Bi Zuhura akainua kidole, ameshinda. Halafu uso ukambadilika. "Ya Rabi. Mwanangu. Nimezipakia kaimati juu."

"Kaimati za shira?" nikauliza.

"Kuna kaimati zisizo na shira?"

Ikawa hivi. Juu ya kopo aliona jina: MAMA GIDI, TUMBA. Akasema, hata kama Mama Nyambura hana adabu, mwenye kopo hana kosa, na chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mchana huo, na saumu yake, akakaanga kaimati, akatandaza nailoni juu ya zile karatasi, akajaza kopo, akampa Mzee Haji ampelekee mama moja kwa moja kazini kwake, kwa kuwa huwa anawaendesha wazee wa pale.

"Ametoka saa ngapi?"

"Saa saba unusu."

Saa saba unusu mimi nilikuwa nakunywa chai ya pili.

Bi Zuhura alimpigia mumewe. Hapokei akiwa anaendesha. Akatuketisha. "Mimi nimefunga, nyinyi hamkufunga," akasema, na tukala sambusa na mkate wa kumimina huku yeye akitutazama, na mimi nikajisikia mwizi kwa kila tonge, ila mwizi aliyeshiba. Mama mdogo akamweleza makinga maji, Bi Zuhura akamweleza shamba la minazi la babake, wakakubaliana kwamba mbuzi ni mnyama asiyefaa. Tulipoondoka alinipa lile bakuli la maua, limejaa sambusa, limefunikwa kwa kitambaa. "Za ndege," akasema.

Sasa tulikuwa na sanduku, mahindi, kiazi kimoja na bakuli la udongo lisilotakiwa kuvunjika.

Jakobsberg hadi Arlanda

Nitawaambia kilichokuwa kinanitisha kwenye treni ile. Si shira peke yake, ingawa niliiona kichwani mwangu ikishuka polepole kupitia nailoni, ikifika kwa mzee Mesidye. Kilichonitisha ni fika, ile kahawa ya Waswidi. Kazini kwa mama, saa tisa kamili, kila mtu anaacha anachofanya, wanakunywa kahawa, na mama yangu akiwa na kitu kitamu lazima akiweke mezani. Kaimati zitaisha kwa dakika nne. Chini watakuta karatasi chafu zenye mafuta. Na nyinyi mnawajua Waswidi na takataka: chupa huku, bati kule, karatasi sanduku lile. Hawataacha karatasi ikae bila kuitafutia sanduku lake.

Na saa ya simu yangu ilisema kumi na dakika tano.

"Mama mdogo," nikasema, "kama zimetupwa?"

Alikuwa ameshika kile kiazi, anakizungusha. "Nitaanza tena. Célianne atanicheka. Kurasa arobaini tutazikumbuka, tukikaa wote. Mvua hii itatupita, tutangoja nyingine." Akakitia kiazi mfukoni. "Ule mmoja hautakuwa wake tena. Utakuwa wangu tu."

Afadhali angenipiga.

Nilitoa simu. Mama akiwa kazini simu yake iko kabatini, hilo najua, kwa hiyo nikaandika. Kawaida yangu, mnajua, mama anaandika Kiswahili, mimi najibu kwa Kiswidi, maneno mawili, matatu nikiwa na furaha. Safari hii niliandika Kiswahili kutoka Barkarby mpaka Odenplan. Nilifuta "kulitokea makosa" nikaandika "nilifanya". Niliandika plasta, niliandika picha ambazo sikupiga na neno "tayari" nililosema bila kugeuka. Niliandika usitupe karatasi za chini ya kaimati, tafadhali mama, ni za watu. Nikatuma kabla sijapata nafasi ya kujionea huruma.

Tulibadilisha treni. Solna ikapita. Upplands Väsby, simu ikalia mlio mmoja.

*Sawa.*

Neno moja na nukta. Nikamwonyesha mama mdogo.

"Hiyo 'sawa' ni ya namna gani?" akauliza.

"Hiyo yenye nukta."

"Mungu akusaidie, mwanangu," akasema mmisionari, na nadhani ilikuwa sala halisi.

Arlanda

Mama alitukuta kwenye ukumbi wa kuondokea, sare ya kazi chini ya koti, Mzee Haji nyuma yake akipunga funguo za teksi. Alikuwa amejitolea kumleta. Mama hakunisalimia. Alimkumbatia mdogo wake, akakaa kwenye benchi, akafungua mfuko wake mkubwa, akatoa kopo la bluu.

Ndani hamkuwa na kaimati hata moja. Mlikuwa na nailoni iliyokunjwa na kurasa.

"Wamezimaliza kabla kahawa haijapoa," mama akamwambia mama mdogo. "Mwenzangu akasema, ngoja nikazitupe hizi karatasi kwenye sanduku. Amefika mlangoni nazo. Nikaona herufi K. Wewe tangu darasa la pili K yako ina mkia. Nikampokonya kama nampokonya mtoto wembe."

"Saa ngapi hiyo?" nikauliza, sauti ndogo.

"Saa tisa na dakika nne," mama akajibu, akimtazama mdogo wake, si mimi. "Nikakumbuka nilivyomkuta huyu jikoni na plasta, nikaitoa simu kabatini, nikakaa nayo mkononi. Nikasema nione nani ataniambia kwanza."

Saa tisa na dakika nne. Mimi nilikuwa kwa Bi Zuhura, sambusa mdomoni, na mama anajua kila kitu isipokuwa kama nitamwambia.

Mama mdogo alihesabu kwa kidole kilicholowa mate. Arobaini na moja. Akautafuta wa viazi vikuu, akautazama muda mrefu kidogo, akaurudisha. Ni wa saba tu ulioguswa: shira ilikuwa imepenya ikaacha duara la rangi ya asali, palepale pembeni, jirani na dole la udongo la Célianne.

"Ataniuliza huyu wa pili aliyepitisha ukurasa ni nani," akasema.

"Utamwambiaje?"

"Bi Zuhura, wa Jakobsberg." Akanipa rundo zima. "Sasa fanya kazi ya Ijumaa."

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya Arlanda nikapiga picha kurasa arobaini na moja, moja moja, watu na masanduku yao wakinizunguka kama mti uliopandwa njiani. Nilizipiga zote mara mbili. Mzee Haji alinishikia pembe za karatasi zisijikunje, akiuliza kila ukurasa unasema nini, na mama mdogo akimsomea kwa Kikreoli halafu Kiswahili, na mzee akimrudishia kwa maneno yake bila hata kuambiwa. Jua lilipozama akatoa tende mfukoni, akafuturu kwa sambusa za mke wake mwenyewe kutoka kwenye bakuli nililobeba, akasema zimepungua chumvi, na tusimwambie.

Nilipomaliza nilizituma zote kwa mama mdogo, kwa mama, na kwa nafsi yangu. Mama mdogo alizihakiki kwenye simu yake, ya kwanza hadi ya mwisho, hakuruka. Halafu akanikumbatia kwa nguvu, akanipa kile kiazi, akaondoka na kopo kifuani kama mtu amebeba mtoto, akisema "hej, hej, hej" kwa foleni nzima ya ukaguzi.

Kiazi nimekiweka dirishani. Kinachipua.

Mama alikuwa bado hajanisemesha. Tulitembea hadi kwenye teksi ya Mzee Haji, nimelikumbatia bakuli la maua, sasa tupu. Alifungua mlango, akakaa, akafunga mkanda, akageuka nyuma nilipokuwa nimekaa mimi, na hivi ndivyo alivyosema, neno kwa neno:

"Kesho ukitoka shule utampelekea Bi Zuhura bakuli lake. Haliendi tupu. Kashata utapika wewe, nazi utakuna wewe. Na ukimaliza usiniambie 'tayari'. Niite nionje."